Nilidhani nina mkosi, kumbe nilikuwa natafuta sangara wa mwezi wa pili mwezi wa saba

Nianze na hasara maana ndo iliyonifundisha, ile faida ya mwanzo ilinipumbaza tu. Mwaka 2019 kampuni niliyokuwa nafanyia kazi hapa Mwanza ilipunguza watu na mi nikiwemo, nikapewa kiinua mgongo changu mkononi, wengine wakanishauri nifungue duka la vinywaji, wengine ninunue bodaboda mbili tatu, mi nikasema hapana, nimekulia Kirumba, mama yangu kauza mapanki (mifupa na vichwa vya sangara vinavyobaki viwandani) pale soko la samaki la Mwaloni mpaka tumemaliza shule, kwa nini nisiende Ziwa Victoria lililo hapo mlangoni. Nikanunua mtumbwi wa mbao uliotumika, injini ya nguvu farasi 15, kamba na ndoano, nikapata vijana watatu, nikahamia Igombe. Uvuvi nilikuwa naujua kwa kuuona tu, yaani kama mtu anayejua mpira kwa sababu nyumba yao iko jirani na uwanja.

Mwezi wa pili ule nilipata samaki mpaka nikaota kiburi. Tulikuwa tunatega ndoano kwenye pima 7 hivi, karibu na mawe fulani yaliyojificha chini ya maji (pima ni urefu wa mikono miwili ukiinyoosha, kama mita 1.8), tunatia furu hai (visamaki vidogo vya humuhumu ziwani) kama chambo jioni, alfajiri tunavuta. Sangara wa kilo 4, kilo 6, siku moja akaja wa kilo 38, bondo lake peke yake, ule mfuko wa hewa wa tumboni mwake, lililipa petroli ya wiki nzima. Nikafungua simu nikahifadhi pale mahali kwenye GPS nikapaandika BENKI. Sitanii, niliandika hivyo kwa herufi kubwa. Nikaanza kumwambia mke wangu tutafute kiwanja Buswelu.

Mwezi wa sita benki ikafunga milango.

Mwanzoni ukawa unapata watatu wanne, alafu mmoja, alafu tunavuta kamba yenye ndoano 400 tunakuta furu wetu wazima kabisa wanatuangalia, hamna aliyeguswa. Mwezi wa saba wote nilikuwa nachoma mafuta tu. Upepo wa kusini ulikuwa unavuma kila siku, baridi ya alfajiri mpaka vijana wanavaa masweta mawili, na mi kwa akili zangu nikasema samaki wamekimbia baridi, tusubiri. Kijana wangu mmoja akaacha kazi. Mwingine akaniambia tajiri, hapa kuna mkono wa mtu, kuna jamaa wa mwalo wa pili, kule wanakoshushia samaki wenzetu, hakupenda ulivyoanza vizuri. Nisiwadanganye, nilikwenda. Nilitoa kuku mweupe na hela ambayo mpaka leo mke wangu hajui ni kiasi gani, na naomba tuliache hapo.

Sasa pale mwaloni kulikuwa na mzee wa Kijita, alihamia kutoka Majita miaka mingi, anavua kwa mtumbwi wa tanga, injini hataki hata kuisikia. Huyu mzee katikati ya mwezi wa saba huohuo alikuwa anashusha sangara. Si wengi, lakini kila siku anao. Nilikuwa namuona na kujiambia ni uzoefu tu, mpaka siku moja nikashindwa kuvumilia, nikamfuata anapika uji wake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kuku amesaidia?"

Mwalo mzima ulikuwa unajua. Nikacheka kwa aibu, nikamueleza shida yangu, nikamuonyesha na simu, nikamwambia mzee hapa ndo nilikuwa napata, namba zenyewe hizi, sijakosea hata hatua kumi. Akaiangalia ile simu kama mtu anayeangalia picha ya harusi ya watu asiowajua, akaniambia, "Mwanangu, wewe unavua namba. Samaki hajui kama umeandika. Njoo kesho, hiyo simu uiache."

Nilikwenda naye siku nne kama kibarua, mi mwenye injini nakaa kwenye mtumbwi wa tanga natoa maji kwa kopo. Alikuwa na kamba yenye mafundo, kila pima moja fundo moja, mwishoni kafunga jiwe lenye mashimo mashimo, kama ngumi ya mtu mzima. Tulipita juu ya BENKI yangu bila kusimama, tukaenda nje kwenye maji makubwa, akashusha jiwe. Pima 18. Akalipandisha, akachukua tope lililoganda kwenye vishimo, akalinusa, akaninusisha na mi. Tope la kijivu, halina harufu yoyote zaidi ya udongo. Akasema, "Huku chini sasa hivi kuna hewa. Samaki ameshuka kutembea. Kule kwako juu amebaki nani?" Tukatega hapohapo. Alfajiri tukavuta tisa.

Yaani tisa, kwenye ndoano zake 150.

Nilimuuliza hewa imefikaje chini akaniambia imepelekwa na upepo, na baridi. Basi. Huyu mzee haelezi kitu mara mbili. Maelezo mengine niliyapata baadaye kwa kuuliza vijana waliosomea uvuvi pale chuoni Nyegezi na kwa kusoma mwenyewe usiku kambini, na nitayaeleza nilivyoyaelewa. Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane upepo wa kusini mashariki unavuma mkavu na mkali, maji ya juu yanapoa, na maji yakipoa yanakuwa mazito yanazama, ya chini yanapanda, ziwa lote linajikoroga kama chungu cha uji. Oksijeni inafika mpaka chini kabisa. Ziwa letu ni kubwa sana, kama kilomita za mraba 68,800, lakini kina chake ni kidogo ukilinganisha na huo ukubwa, pale penye kina kirefu kabisa ni mita 80 na kidogo, kwa hiyo upepo wa miezi mitatu unatosha kuligeuza. Kuanzia mwezi wa tisa jua linarudi, upepo unalegea, maji ya juu yanapata joto yanakaa juu ya yale ya baridi na hayachanganyiki tena, tofauti yenyewe ni nyuzi moja au mbili tu lakini inatosha. Kule chini kila kinachokufa kinaoza, na kuoza kunakula oksijeni, mpaka ikifika mwezi wa kwanza wa pili sehemu kubwa ya chini haina hewa ya maana. Na sangara ni samaki anayeshindwa haraka hewa ikipungua, si kama kamongo au kambare ambao wanaweza kupanda juu kuvuta pumzi. Kwa hiyo anasukumwa juu na pembeni. BENKI yangu haikuwa benki, ilikuwa chumba ambacho sangara wote wa eneo lile walikuwa wamebanwa mwezi wa pili kwa sababu sebule imejaa moshi.

Ungedhani baada ya hapo nimejifunza. Nilijifunza nusu. Nilichofanya ni kufuta BENKI kwenye simu na kuandika namba za pima 18. Nikawa nashindilia hukohuko, wa nane nikapata vizuri, wa tisa vizuri, wa kumi mvua za vuli zikaanza na mi bado niko nje, wa kumi na moja samaki wanapungua, na safari hii furu wangu walikuwa wanakuja wamekufa. Hilo likumbukeni, maana mi nilichelewa kulielewa. Chambo hai kikirudi kizima hakijaguswa maana yake chini kuna hewa ila samaki hayupo hapo. Chambo kikirudi kimekufa, kimekauka rangi, hakina hata jino la samaki, na mstari mzima uko hivyo, ujue umetega kaburini. Nilikuwa nalaumu watoto wanaoniuzia furu, nikawatukana kabisa kwamba wananiletea furu wagonjwa. Mtoto mmoja akaniambia baba, mbona wa mzee hawafi.

Nikatengeneza kamba yangu na jiwe langu. Nikashusha pale pima 18, likapanda na tope jeusi linanuka kama yai viza. Nikakaa nalo mkononi. Nikamkumbuka mwenyewe mzee alivyoninusisha lile la kwanza, nilidhani ananionyesha uganga.

Na nikaja kuona mwenyewe hilo tope likipanda juu. Mwezi wa kwanza 2020 ilipiga dhoruba ya usiku, zile za ziwani, mnazijua, mchana kweupe shwari alafu saa nane za usiku radi mpaka bati linataka kung'oka. Asubuhi tukakuta samaki wanaelea, sangara wakubwa, matumbo juu, na furu na sato wachache, ufukwe mzima. Watu walikuja na ndoo. Maneno yakaanza palepale, kwamba kuna watu wamemwaga sumu usiku, na kila mtu alikuwa na jina la mtu wa kumshuku, kuna kijana alikaribia kupigwa kwa sababu tu alionekana na galoni. Viongozi wa BMU, kile kikundi cha wenyeji kinachosimamia uvuvi mwaloni, walizuia watu wasile wala wasiuze, na walifanya vizuri maana usipojua samaki kafa na nini humli. Mzee yeye alikuja na fimbo yake akaangalia, akasema maji ya chini yamepanda, akarudi kulala. Upepo mkali ukija ghafla kipindi ambacho chini hakuna hewa unayapandisha yale maji mabovu ufukweni na sangara anakosa pa kwenda. Mwaka mmoja baadaye, mwanzoni mwa 2021, sangara wengi walikufa upande wa Uganda na serikali yao ikasema ni upungufu wa oksijeni, nikamtumia habari yule kijana wa galoni. Akanijibu na emoji ya kulia.

Sasa kitu kilichonifungua zaidi kilitoka mbali. Nina kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, yuko Milwaukee kule Marekani, ni nesi, na akiwa hayuko kazini yuko ufukweni mwa Ziwa Michigan na fimbo ya kuvulia. Kila mwezi wa tisa ananitumia voisi za dakika sita sita kuhusu salmoni. Kule huo ndo msimu, majira yao ya vuli, salmoni wakubwa waliokaa nje kwenye kina miaka mitatu minne wanasogea pwani wanatafuta mito walikoanzia wakazaliane, wakishazaa wanakufa. Sasa nilikuwa nasikiliza kama hadithi tu mpaka siku moja akaniambia, "Mdogo wangu leo nimetoka kapa, upepo umebadilika, umeleta maji ya moto." Nikasimamisha voisi. Nikampigia.

Ziwa Michigan ni dogo kidogo kwa eneo, kilomita za mraba kama 58,000, ila lina kina cha mita 281, na kiangazi maji ya juu yanaweza kuwa nyuzi 20 wakati kule chini ni 5 au 6. Salmoni anapenda kama nyuzi 12 hivi, kwa hiyo anatafuta lile tabaka lake na kukaa nalo. Upepo ukitoka magharibi, yaani nchi kavu kwa upande wa Milwaukee, unasukuma maji ya moto yaende katikati ya ziwa, na ya baridi yanapanda kujaza nafasi pwani, salmoni wanakuja nayo mpaka mtu aliyesimama kwenye gati anawafikia. Ukigeuka ukatoka mashariki unarundika maji ya moto pwani, samaki wanarudi nje, na waliosimama gatini wanabaki kunywa kahawa. Kaka anasema wenyeji hawaulizani jana ulipatia wapi, wanaulizana upepo umevuma upande gani na kwa siku ngapi. Baadaye kukishakuwa na baridi kweli, mwezi wa kumi na wa kumi na moja, salmoni wanaisha na wanaingia trauti wa kahawia bandarini, nao wanazaa vuli ila hawafi, wanabaki hapo.

Nikamwambia kaka, huyu mzee wa Kijita ungempeleka huko asubuhi, jioni angekuwa fundi wao. Samaki tofauti, huyu anatafuta ubaridi na wetu anatafuta hewa, lakini wote wawili upepo ndo unawapangia wakae wapi.

Kitu kingine kilichotuchekesha wote ni kwamba hao salmoni si wa pale. Walipandwa, mwaka 1966 na 1967, kwa sababu ziwa lilijaa visamaki fulani vidogo vilivyoingia kutoka baharini, vikawa vinakufa na kurundikana ufukweni. Wakaleta samaki mkubwa ale wale wadogo. Si ndo hadithi ya sangara hiyo? Aliletwa miaka ya 50 na 60, ale furu ambao walionekana hawana maana, na kweli akawala, aina nyingi sana za furu hatuzioni tena. Bibi yangu hakuwahi kumzoea sangara mpaka anakufa, anasema ni samaki wa viwanda. Mi sangara kanisomesha kwa hiyo sina ubavu wa kumtukana.

Kaka alikuja likizo mwezi wa nane 2025, tukavuka lile daraja jipya la Kigongo–Busisi kwenda kusalimia Sengerema, kilomita 3 juu ya maji, yeye anapiga picha daraja, mi naangalia chini upepo umesukumia gugu maji upande gani. Mke wangu akasema mmefanana. Kesho yake nikampeleka ziwani, kavaa jaketi lake zito la kule, akasema mbona Afrika kuna baridi hivi, nikamwambia hii ndo inayotulisha.

Kuhusu upepo wa kila siku, huo mwingine tofauti na ule wa msimu. Huku usiku upepo unatoka nchi kavu kwenda ziwani, mchana unageuka unatoka ziwani, ikifika saa nane tisa mawimbi yanakuwa makubwa. Kwa hiyo ukichelewa kuvuta kamba kwa sababu eti samaki wanakula vizuri, utarudi unapigwa. Mimi nilichelewa mara moja, 2021, tulikuwa na mzigo mzuri nikawa na tamaa, tukarudi tunachota maji kwa ndoo mbili, laifu jaketi moja kwa watu watatu. Moja! Mtu wa Mwanza, ambaye mwaka 1996 MV Bukoba inazama alikuwa mtoto na anakumbuka vilio vya mtaani, na 2018 kasikia MV Nyerere kule Ukara, anaingia ziwani na laifu jaketi moja. Siku hizi kila mtu na lake, na kijana asiyevaa anabaki ufukweni, hata kama ni mtoto wa dada yangu, na kweli nimeshamuacha. Utabiri wa TMA, mamlaka ya hali ya hewa, nausikiliza pia, hasa kuanzia mwezi wa kumi. Mzee anaucheka lakini nimemuona anauliza kwa vijana.

Mambo ya mwezi na dagaa si eneo langu, hilo mwulizeni shemeji yangu anayeanika dagaa Kayenze. Ninachojua kutoka kwake ni kwamba giza ndo kazi, mbalamwezi ikikomaa taa hazivuti dagaa watu wanarudi makwao kupumzika, na kwamba vuli ikianza dagaa wa mchangani wanaloa wananuka, anauza kwa wenye chakula cha kuku kwa bei ya kulia. Alipotengeneza vichanja vya kuanikia juu ya ardhi mambo yakabadilika kidogo. Ye mwenyewe anasema angalau mchanga umeacha kwenda sokoni.

Na kwa anayetaka kuingia, sangara chini ya sentimita 50 mrudishe. Nilipigwa faini mwaka wa kwanza nikiwa kwenye ile njaa yangu, nilikuwa na vitoto kwenye tenga nimevifunika na gunia, na ile faini ilizidi thamani ya tenga zima. Sikuonewa.

Mzee haingii tena ziwani, macho yamekuwa na ukungu, ila anakaa palepale mwaloni ingawa maji ya 2020 na tena 2024 yalipanda yakala ufukwe ikabidi kibanda chake kihamishwe juu mara mbili. Ile kamba yake yenye mafundo kanipa, yangu ilikuwa nzuri zaidi ya nailoni lakini natumia yake. Kila jioni kabla sijawasha injini ananiita kutoka kibandani, haniulizi nimepata ngapi jana.

"Jiwe limenuka?"

Jana nilimwambia pima 18 limeanza kunuka kwa mbali, pima 14 bado safi. Akakaa kimya kidogo, akaniuliza upepo wa usiku ulilala saa ngapi, nikamwambia kama saa kumi.

"Basi shuka 12. Na uwahi kurudi."